Mama anaomba afe. Nimjibu nini?

MamaZai: Saratani ya shingo ya kizazi imeshafika kwenye mifupa. Usiku anauma shuka nisimsikie akilia. Jana kaniambia, "Mwanangu, niachieni niende." Uholanzi sheria inaruhusu daktari kumsaidia mgonjwa kufa tangu 2002. Kutamani hivyo ni dhambi?

Muuguzi_Kampala: Pole sana dada. Mama anapata mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu? Hupewa kila baada ya saa 4, hata kama maumivu hayajarudi. Huku Uganda tangu 2004 hata sisi wauguzi tuliosomea tiba shufaa (kupunguza mateso ya mgonjwa asiyepona) tunaruhusiwa kuiandika. Wagonjwa wangu wengi walioomba kufa, maumivu yalipotulia waliomba uji.

Mzee Kombo: Si kila mateso hutulia, muuguzi. Oregon, Marekani, mgonjwa mwenye akili timamu aliyebakiza miezi 6 au chini ya hapo huandikiwa dawa ya kufa, anakunywa mwenyewe. Simhukumu. Ninachohofia ni kwetu: mgonjwa anaona shamba linauzwa atibiwe, anasema amechoka kuishi, kumbe anatuonea huruma sisi. Binti, mama anajua mnalipaje?

MamaZai: Anajua, shikamoo mzee. Tuliuza ng'ombe mbele yake. Na dawa ni panado na tramado tu. Kesho naulizia mofini.