Ushauri: Manowari zangu tatu za kubeba ndege zimenigombanisha na dada, na mzee wa Msangamkuu anazicheka

Karani wa Shangani (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini. Mchana nahesabu magunia ya korosho ghalani, usiku naandika hadithi. Kila Ijumaa natuma kipande kimoja kwenye kundi la WhatsApp, na wasomaji wapo hapa, Masasi, Newala na wachache Dar.

Hadithi inahusu nchi ya kubuni, Visiwa vya Tangambili, iko mashariki yetu kabla hujafika Komoro. Mwaka ni 1958. Nchi hiyo ina jeshi la maji lenye manowari tatu nyepesi za kubeba ndege, zote za kundi moja: Jodari, Nguru na Kolekole. Linaitwa kundi la Jodari kwa sababu ndiyo iliyotangulia kushushwa majini. Kila moja nimeipa ndege sitini za jeti. Babu wa mhusika mkuu ni fundi wa reli ya Nachingwea, ile ya mradi wa karanga wa Waingereza, kwa hiyo mwaka siwezi kuuchezea ovyo.

Sasa shida. Kwenye kipande cha tisa, Jodari imetia nanga ndani ya ghuba, alfajiri ya Novemba, maji shwari kabisa, ndege kumi na mbili zinaruka moja baada ya nyingine. Niliipenda sana ile alfajiri. Kuna mzee wa Msangamkuu, nahodha wa zamani wa jahazi, mjukuu wake humsomea hadithi yangu. Mzee hajawahi kuona meli ya ndege maisha yake yote, lakini alicheka mpaka akakohoa. Akauliza: "Upepo hakuna, meli haiendi, hizo ndege zimerushwa na nani?" Mjukuu akanitumia swali kwa sauti, kundi zima likasikia. Sikuwa na jibu.

Shida ya pili ni ya nyumbani. Mchoraji wangu ni dada yangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Lindi. Ameshachora kurasa 14, na omo, yaani pua ya meli, ameiinua mbele kama kilima cha kurushia ndege. Msomaji mmoja kasema kilima hicho 1958 hakikuwepo. Nikamwomba dada achore upya. Jibu lake: "Andika upya wewe, maneno hayanunuliwi wino." Nusu ya pesa nilishampa.

Nibadili hadithi au picha? Na huyo mzee nimjibu nini? Ijumaa inakuja. Natanguliza shukrani.

Kipanga wa Ligula

Ndege sitini kwenye meli nyepesi! Hiyo si manowari, hiyo ni Noah ya Mtwara–Masasi siku ya mkesha wa Idi.

Rafadha Moja

Mwanangu, nimekaa chumba cha injini miaka mingi kwenye meli za mizigo, sasa nimestaafu niko Lindi. Manowari sikuhudumu, ila hizi meli nyepesi nimezisoma sana kwa sababu zilijengwa kama zetu. Nitakueleza kidogo, uvumilie.

Mzee wa Msangamkuu kakushinda kihalali. Ndege hainyanyuliwi na injini peke yake, inanyanyuliwa na hewa inayopita kwenye mabawa. Uwanja wa ndege wa Mtwara una njia ya zaidi ya kilomita mbili. Meli nyepesi ya Waingereza ya kundi la Colossus ilikuwa na urefu wa mita 210 hivi kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma. Unafidiaje hizo kilomita? Unaigeuza meli ikabili upepo, unaipa mwendo wote. Meli ikienda noti 24 na upepo ukija mbele kwa noti 12, sitahani, pale juu zinaporukia ndege, panavuma noti 36 kabla ndege haijasogea hata hatua. (Noti za baharini, si za benki. Noti 36 ni kama kilomita 67 kwa saa.) Kwenye kutua ni hivyo hivyo, upepo wa mbele ndio unaoipunguzia ndege kishindo. Wewe umetia nanga, tena kwenye maji shwari. Umejinyima vyote viwili.

Halafu jina la nchi yako limenichekesha. Tangambili si ndiyo majira ya upepo kugeuka, kaskazi haijashika na kusi imeshaondoka? Umeipeleka meli inayoishi kwa upepo kwenye nchi inayoitwa kwa kukosa upepo.

Usione haya. Mei 1982, kwenye vita vya Falkland, Waajentina walitaka kurusha ndege za Skyhawk kutoka meli yao Veinticinco de Mayo ziishambulie meli za Waingereza. Bahari ile ya kusini kwa kawaida ina upepo wa kung'oa mabati. Siku hiyo ukalala. Ndege zenye mabomu na mafuta ya kutosha zisingenyanyuka, shambulio likaahirishwa. Na meli hiyo ilikuwa ya kundi la Colossus, iliingia kazini ikiitwa Venerable mwaka 1945, ikauzwa Uholanzi 1948 ikaitwa Karel Doorman, kisha ikaenda Ajentina.

Hapo ndipo utakapopata na Jodari yako. Nchi ya visiwa 1958 haiundi manowari za kubeba ndege, inanunua za mtumba. Waingereza walianza kujenga 16 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kumi za Colossus na sita za Majestic, na nyingi zikabaki hazina kazi amani ilipokuja. Brazil walinunua, India wakanunua, Australia na Kanada pia. Zilijengwa kwa taratibu za meli za biashara ili hata karakana za kiraia ziziweze, bila deraya nzito, yaani vyuma vya kujikinga. Nilichozipendea mimi ni mpangilio wa mashine. Boila na tabaini (mashine zinazozungushwa na mvuke) ziligawanywa mafungu mawili yaliyotenganishwa, torpido moja isizime meli nzima. Zilikusudiwa vita ile tu. Ile ya Brazil, Minas Gerais, ilifika 2001.

Mama Pilau Mikindani

Mimi ya ndege siyajui. Nauliza tu, humo ndani wako watu wangapi? Maana hadithi nzima sijaona mtu akila.

Rafadha Moja

Dada yangu, elfu moja na zaidi. Colossus wakati wa vita ilikaribia 1,300.

Mama Pilau Mikindani

Shughulini kilo moja ya mchele nahesabia watu watano. Watu 1,300 ni kilo 260 mlo mmoja! Gunia mbili na nusu za kilo mia na kilo kumi juu, asubuhi hujaweka, maji ya kuoshea hujaweka. Halafu ana meli TATU. Karani, hiyo nchi yako inalima wapi?

Tumbaku Hapana

Mama Pilau kagusa penyewe. Thailand walinunua moja ndogo kutoka Hispania, Chakri Naruebet, ikaingia kazini 1997, mwaka uleule uchumi wao ulipoanguka. Ikawa inashinda bandarini. Ndege zake za Harrier zikastaafishwa 2006, ikabaki na helikopta. Kununua ni harusi, kutunza ndiyo ndoa. Mpe rais wa Tangambili waziri wa fedha mwenye vidonda vya tumbo.

Sitaha Tupu

Tumbaku, ila tatu si nyingi ukiwaza kijeshi. Moja iko chelezoni inakwanguliwa na kufanyiwa matengenezo, moja inafundisha marubani wapya, moja ndiyo iko baharini kweli. Mwenye moja tu, adui anangoja iingie chelezo. Kwa hiyo Karani bakiza tatu, lakini Kolekole iwe imefunguliwa injini hadithi nzima. Punguza na ndege, weka ishirini na kitu. Meli ya Australia iitwayo Melbourne ilibeba kiasi hicho.

Kuhusu kilima cha omo, huyo msomaji wako yuko sahihi. Kiliingia kazini na meli ya Waingereza, Invincible, mwaka 1980, kwa ajili ya kurushia jeti za Sea Harrier. Mwaka 1958 walitumia manati. Ndiyo, manati, ila hii ni ya mvuke: pistoni chini ya sitaha inasukumwa na mvuke wa boila na kuivuta ndege hadi mwisho wa omo. Ilijaribiwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwenye Perseus, ambayo nayo ni ya ukoo wa Colossus. Na sitaha ya ndege kutua iliyokwenda mshazari ilianza 1952 kwenye Triumph, nduguye mwingine, na siku hiyo hawakujenga chochote, walichora tu mistari ya rangi juu ya sitaha. Kama dada kachora mshazari, usiuguse. Karel Doorman ilitoka matengenezoni 1958 ikiwa na mshazari na manati ya mvuke, ikarusha jeti za Sea Hawk.

Njia rahisi: peleka hadithi mbele mpaka 1987. Mwaka huo India waliichukua meli kuukuu ya Waingereza, Hermes, wakaiita Viraat, nayo ilikuwa imeshawekewa kilima. Picha zote 14 zinapona.

Karani wa Shangani (mwanzisha uzi)

Sitaha, nashukuru, lakini 1987 reli ya Nachingwea imeshang'olewa zamani. Babu wa watu atatengeneza nini? Kipande cha tatu chote ni yeye na kichwa cha treni.

Sitaha Tupu

Basi reli ibaki, kilima kife.

Bi. Kitunda

Nyote mnaongea na meli, hakuna anayeongea na dada mtu. Karani, kaka yangu, kwenye kurasa 14 omo inaonekana kwa ubavu ngapi? Umeangalia, au ulimwambia tu "chora upya" kama anayerudisha chapati iliyoungua?

Na mimi niko Lindi. Hapa kwetu ndege na manowari si ngeni. Oktoba 1914 meli ya Kijerumani Präsident ilijificha mto Lukuledi, Waingereza wakaipanda, na karatasi walizozikuta zikawaelekeza kuwa manowari ya Kijerumani Königsberg imejificha Rufiji. Mwaka uliofuata ndege ndizo zilizokuwa angani zikiwaelekeza wapiga mizinga mpaka ikamalizwa. Muulize dada yako kama anaijua hiyo habari. Mchoraji wa Lindi ukimpa cha Lindi atachora bure.

Karani wa Shangani (mwanzisha uzi)

Nimehesabu sasa hivi. Ubavu ni kurasa tano. Nyingine ni watu, jikoni hakuna (samahani Mama Pilau), na mbili ni kutoka juu ambako kilima hakionekani.

Bi. Kitunda

Tano! Ukagombana na mtoto wa mama mdogo kwa tano. Mpigie, usimtumie ujumbe. Mwambie kosa ni lako, hukumpa mwaka. Ulimpa mwaka?

Karani wa Shangani (mwanzisha uzi)

Sikumpa.

Kipanga wa Ligula

Kesi imekwisha, mahakama inaahirishwa.

Rafadha Moja

Narudi, nilikwenda kuswali. Karani, usiifute ile alfajiri ya maji shwari. Ing'oe nanga tu.

Nikuambie kilichotokea usiku wa tarehe 10 Februari 1964. Melbourne ilikuwa mazoezini pwani ya Australia, na manowari ya kusindikiza, Voyager, ikae karibu ili rubani akianguka aokolewe. Upepo ulikuwa mwepesi, haushikiki. Meli kubwa ikawa inageuka huku na huku kuutafuta, na kila inapogeuka msindikizaji naye lazima ahame akae mahali pake. Kwenye moja ya mizunguko hiyo Voyager ikakata mbele ya omo ya Melbourne. Ilikatika vipande viwili. Wakafa watu 82, wote wa Voyager.

Kwa hiyo Novemba yako weka hivi: Jodari nje ya ghuba, mwendo wote, na kule ufukweni moshi wa majiko unapanda wima. Kamanda anageuza, anageuza tena. Msindikizaji hajui agizo la mwisho lilikuwa lipi. Rubani kakaa kwenye manati, injini inaunguruma, anangoja noti nne au tano zilizopungua. Na kule darajani, anaposimama kamanda, aweko mtu mmoja, rubani wa bandari (wa kuongoza meli, si ndege) aliyekulia jahazini, anayejua kuwa alfajiri hiyo umande, ule upepo wa nchi kavu, bado unatoka mtoni na kwamba ukisogea karibu na pwani utaupata. Kamanda atamsikiliza? Huyo kamanda amesomea Portsmouth, Uingereza.

Sitaha Tupu

Mzee Rafadha, kusogea pwani kuna miamba.

Rafadha Moja

Ndiyo maana nasema kamanda atamsikiliza?

Mama Pilau Mikindani

Sasa hiyo nitaisoma. Jiko msisahau.

Karani wa Shangani (mwanzisha uzi)

Mrejesho, wakuu. Jana nilivuka na kivuko hadi Msangamkuu. Mzee nilimkuta anashona wavu. Nikamweleza habari ya meli kukabili upepo na mwendo wake kuongezwa juu ya upepo. Akasikiliza, akasema: "Kwa hiyo inakwenda joshi ipate upepo wa kumpa mtu mwingine." (Joshi ni kuukabili upepo.) Kisha akanichorea mchangani kwa kidole umande unatokea wapi Novemba, unakatika saa ngapi matlai, upepo wa mashariki, ikianza, na pale ambapo yeye asingethubutu kupita na chombo kikubwa. Nimepiga picha ule mchoro kabla kuku hajapita juu yake. Rubani wa bandari kwenye kipande cha tisa sasa ana ndevu za mzee huyu, kwa ruhusa yake. Kadai asife.

Dada nilimpigia. Alininyamazia dakika nzima, kisha akauliza manati inakaa upande gani wa omo na mvuke unaotoka ni mwingi kiasi gani, maana mvuke anaupenda kuuchora. Kurasa tano atazirudia kwa bei ya tatu. Ameongeza sharti: ukurasa mmoja wa jikoni, masufuria makubwa, mpishi amekasirika. Sijui nani kamwambia.

Bi. Kitunda, wewe si unafahamiana naye?

Bi. Kitunda

Lindi ni ndogo, kaka yangu. Mlipe kabla ya Ijumaa.