Wanaochana vitabu vya kale vya mahubiri ya Torati na kuuza karatasi mojamoja, mnatuumiza

Wanajamvi, habari za saa hizi. Nina hasira tangu juzi, acha niziandike hapa.

Niko Ujerumani kwa masomo, nasoma Agano la Kale, mwaka wa nne sasa nahangaika na Kiebrania. Wiki tatu zilizopita nikakuta duka la vitu vya kale mtandaoni linauza karatasi moja ya kitabu kiitwacho Akedat Yitzhak, yaani Kufungwa kwa Isaka, chapa ya Venezia ya 1573. Yuro 85. Hiyo ni chakula changu cha wiki mbili. Nililipa kwa sababu kwenye picha nilisoma juu ya ukurasa: Bereshit (fungu la kwanza la kitabu cha Mwanzo), lango la 9, yaani hubiri la tisa. Lango hilo nimelitafuta kwa sababu zangu.

Kwa wasiokijua: ni mahubiri ya Rabi Isaac Arama wa Hispania, yanayofuata fungu la Torati linalosomwa sinagogini kila Sabato, toka Mwanzo hadi Kumbukumbu la Torati, malango 105. Kwenye utangulizi anaeleza kilichomsukuma. Wayahudi wa miji yao walikuwa wakiwasikia wahubiri wa Kikristo wakihubiri kwa ufasaha, wakirudi kwa marabi wao wanataka na wao walishwe chakula cha namna hiyo. Mwaka 1492 wakafukuzwa Hispania wote. Yeye akafia Napoli mwaka 1494. Kitabu kikachapwa 1522 huko Salonika, mji uliokuwa umejaa wakimbizi wenzake, ndipo Venezia nao wakakichapa tena.

Sasa sikilizeni namna anavyohubiri, maana hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Kila lango lina sehemu mbili. Kwanza anaichambua hoja yenyewe kifalsafa. Halafu anaingia kwenye aya, anapanga maswali yote yanayomkwaza msomaji, kisha anayajibu. Swali liko hapa, jibu liko karatasi mbili mbele. Mtu akishika kisu akazitenganisha, mmoja anapelekewa maswali Ulaya, mwingine majibu Marekani. Mahubiri yamekufa.

Karatasi yangu ilifika imebanwa kwenye kadibodi kwa selotepu kingo zote nne. Selotepu, kwenye karatasi ya matambara iliyodumu zaidi ya miaka 440! Nilikesha nikiibandua kwa mvuke kidogo kidogo ili nione nyuma. Nyuma Arama anafika Mwanzo 3:20 na kuanza kusema kwamba mwanamke ana majina mawili. Hapo ukurasa unaisha. Chini kabisa, pembeni, kuna neno moja peke yake: Hawa.

Neno lile wachapaji waliliweka kwa makusudi. Ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili mfunga jalada asikosee mpangilio. Kwa Kiebrania huitwa mlinzi wa ukurasa. Mlinzi wangu amesimama analinda karatasi isiyokuwepo.

Nikamwandikia muuzaji: inayofuata iko wapi? Akajibu imeshauzwa, hakumbuki kwa nani. Nikauliza kwa nini mlikichana. Akasema kilikuwa na upungufu, hakina mwanzo. Jamani, kitabu kilichokosa mwanzo bado ni kitabu! Ukurasa wa mwisho nao nikauulizia, kwa sababu vitabu vilivyopita Italia mara nyingi hapo ndipo mkaguzi wa Kanisa aliposaini baada ya kufuta mistari kwa wino. Talmud, mkusanyo mkuu wa sheria na mafundisho ya marabi, ilichomwa moto Venezia Oktoba 1553, na vitabu vya Kiyahudi vilivyobaki vikaishi chini ya macho ya wakaguzi hao. Saini hiyo ingetuambia kitabu kimepita mikono ya nani. Nayo imeuzwa, tena kwa bei ya juu zaidi.

Na tangazo lenyewe liliandikwa "ukurasa wa Biblia, mwandiko wa Rashi". Si Biblia. Na Rashi, rabi mfafanuzi wa Torati, alifariki 1105, hakuwahi kuandika kwa herufi zile. Zimepewa jina lake kwa sababu zilitumika kuchapa ufafanuzi wake kule Reggio di Calabria mwaka 1475. Mtu anauza kitu asichojua hata kukisoma.

Wapo watakaosema maneno yote yapo mtandaoni. Yapo, nimeyasoma. Arama anasema jina la kwanza, mwanamke, limetoka kwa mwanamume (Kiswahili chetu nacho kinalibeba vizuri hilo), na maana yake ana akili na uwezo wa kufahamu na kutenda mema kama yeye. Jina la pili, Hawa, ni la kuzaa. Asiyezaa amekosa hilo la pili tu, hajafa. Ndiyo maana Yakobo alimkasirikia Raheli aliposema "nipe wana, kama sivyo, nitakufa": alikuwa amelisahau jina lake la kwanza. Mimi nimeolewa miaka kumi na moja, sina mtoto. Mnaelewa kwa nini nilitaka karatasi hiyo iwe mkononi mwangu, yenye alama za vidole vya watu walioisoma kabla yangu.

Wayahudi kitabu kitakatifu kikichakaa hukihifadhi mahali pake au hukizika kwa heshima. Hawakikati kitoweo.

Naombeni msinunue karatasi hizi, hata kwa zawadi, hata zikiwa na fremu nzuri. Wanakata kwa sababu tunanunua, na mimi nimo. Na kama yeyote hapa, au ndugu yake popote alipo, ana karatasi ya chapa hiyo inayoanza na neno Hawa, naomba picha ya pande zote mbili. Yangu naweza kumpa bure ziungane.