Dawa za salfa za kuku: ziuzwe kwa cheti cha daktari tu?

Mfugaji Chanika: Wakuu, kuku wangu 150 wa mayai wameharisha damu. Dukani nikapewa salfa ya unga, sikuulizwa kama wanataga. Nimefika nyumbani, tayari nimeshawanywesha, ndiyo nasoma kopo: wasipewe kuku wanaotaga mayai ya kuliwa. Nina trei 11 sebuleni. Hizi dawa si ziuzwe kwa cheti tu?

Bibi Trei: Cheti cha daktari yupi? Kwetu yuko mmoja, kata nne, na pikipiki mafuta unaweka wewe. Akifika kuku wameshakuwa mbolea. Na hao wa dukani ni mashemeji wa mwenye duka, elimu yao ni maandishi ya kopo.

Duka la Kona: Shemeji wa nani? Nina stashahada ya afya ya mifugo. Ninyi mnaingia na "nipe ile ya kopo la njano", nikiuliza umri wa kuku mnanuna, mnavuka barabara kwa jirani.

Mnoko: Stashahada si udaktari. Daktari wa mifugo anakaa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, miaka mitano.

Duka la Kona: Huyu asiye daktari ndiye anayeamshwa saa nane usiku ndama akikwama. Wa miaka mitano simu imezimwa.

Mnoko: Umeanza matusi.

Kibanda cha Chipsi: Jamani, mayai! Mimi nakaanga trei tano kwa siku. Moto si unaiua hiyo dawa?

Mnoko: Moto unaua vijidudu. Salfa si kijidudu. Kuna watu wakimeza Septrini ngozi inababuka, na hiyo nayo ina salfa.

Kizazi cha Fansida: Nayo Fansida ilikuwa na salfa. 2001 ikawa chaguo la kwanza la kutibu malaria nchini, 2006 tukahamia dawa mseto, vimelea vilishaizoea. Tukiendelea kuimwaga kwenye maji ya kuku tutalia tena.

Mnoko: Malaria si bakteria, usichanganye.

Kizazi cha Fansida: Na hiyo koksidia, kimelea kinachowaharisha kuku damu, ni bakteria? Mbona mnaipiga salfa?

Bibi Trei: 😂 Mnoko, urudi SUA.

Duka la Kona: Wanaotaga ningewapa amproliamu, hiyo si salfa. Ila soma kopo, kuna zilizochanganywa na salfa humohumo. Na maranda yakiwa mabichi, hata ulete dawa ya Ulaya ugonjwa unarudi.

Mfugaji Chanika: Nimetoka bandani sasa hivi. Nimekamua maranda chini ya drinka, maji yakachuruzika hadi kwenye kiwiko. Kumbe inavuja. Ahsante Duka. Ila trei 11 bado zipo hapa, nizipeleke wapi?

Kibanda cha Chipsi: Kwangu usije.

Bibi Trei: Mpelekee shemeji.

Duka la Kona: Tumeanza tena.