Madaktari wetu Tanga, mwacheni mgonjwa amalize kusema

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mama yangu, mkazi wa Ngamiani mwenye umri wa miaka 67, alisumbuliwa na kikohozi kikavu tangu Machi hadi Julai, na katika muda huo tulimpeleka mara nne katika hospitali moja hapa mjini, ambako kila mara aliandikiwa dawa ya maji ya kikohozi na antibiotiki, akapimwa makohozi mara mbili bila kuonekana kifua kikuu, kisha akarudi nyumbani akikohoa vilevile.

Mara zote hizo alijaribu kueleza kwamba kikohozi kilimwanza wiki chache baada ya kubadilishiwa vidonge vya presha. Hakuachwa amalize. "Bibi, jibu ninachokuuliza," aliambiwa, na daktari akaendelea kuandika bila kuinua uso.

Safari ya tano tulipangiwa daktari mwingine, nami niliingia na mfuko wa dawa zake zote nikazimwaga mezani. Aliiona enalaprili, ndicho kile kidonge kipya cha presha, akauliza alianza kuimeza lini, akamsikiliza mpaka mwisho. Dawa za kundi hilo huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, na kila daktari amefundishwa hivyo chuoni! Alimbadilishia akampa losartani, dawa nyingine ya presha, na wiki ya tatu mama akalala usiku kucha.

Miezi minne ya kukesha na ya nauli, majirani wameshaanza kumtengea kikombe wakihofia kifua kikuu, kwa sababu ya dakika moja aliyonyimwa. Najua foleni ni ndefu, lakini ziara nne zisizo na faida ndizo zilizoirefusha.

Wenye wazee, msiwaache waingie peke yao. Bebeni vidonge vyenyewe, pamoja na miti shamba kama wanaitumia, mtangulize kusema dalili ilianza lini na nini kilibadilika kabla yake, na msiinuke kabla ya kumrudia daktari kwa sauti alivyowaelekeza. Ila mtu asiache dawa ya presha kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani kiharusi hakibishi hodi.

Barua ya malalamiko nimeipeleka kwa mganga mfawidhi. Nimeomba kwenye jalada la mama iandikwe wazi kwamba enalaprili inamkohoza, ili asije akapewa tena. Hii ni wiki ya tatu, sijajibiwa.