Ushauri: mchoro wa marehemu kaka unamtisha mama, niutundike au niufiche?

MwanaWaKayole: Hamjambo wadau. Kaka yangu alifariki Machi, akaacha mchoro mmoja mkubwa wa rangi za mafuta. Chini ni buluu nzito, ile ya mbinguni kabla mvua haijashuka. Katikati kuna jicho lisilo na uso, na kutoka kwenye jicho inapanda ngazi inayokatikia hewani. Juu kuna duara jeupe, labda mwezi, linachuruzika kama uji. Halafu kuna mistari iliyosimama, yenye nafasi sawa, toka juu hadi chini. Usiku ukiutazama, sebule yote inanyamaza. Mama hataki kukaa nao chumba kimoja, anasema lile jicho linamtafuta. Mimi naupenda ila siuelewi. Nifanyeje?

BrashiKavu: Pole sana kwa msiba, ndugu. Hiyo ni njia ya wasurealisti, wasanii waliofuata ndoto na mawazo yasiyopangwa. Kiongozi wao, mwandishi André Breton, alipotoa ilani yake Paris mwaka 1924, alitaka mkono uende bila akili kuuamuru, kama ndotoni. Kwa hiyo usilibane jicho kwa maana moja. Mimi nimeshikwa na hiyo mistari. Mwaka 1925 mchoraji mwenzao, Max Ernst, alilaza karatasi juu ya mbao za sakafu akasugua kwa penseli. Baadaye alilaza kanvasi juu ya vitu, akakwangua rangi, alama zikajitokeza. Zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni, utuambie unaona nini.

MamaNeema: Mwanangu, mama amezika mtoto juzi tu. Usimlazimishe. Uweke chumbani kwako, akitaka kuuona atakuja mwenyewe.

FundiFremu: Popote uuwekapo, epuka ukuta wenye unyevu na unaopigwa na jua. Rangi ya mafuta haihitaji kioo. Na tafadhali usiukunje.

MwanaWaKayole: Nimemulika. Ni mabati! Nimepima kwa rula kutoka mstari hadi mstari, kisha nikapima mabati ya jiko letu la nje, pale kaka alipokuwa akichorea mvua ikinyesha. Vipimo ni vilevile. Nilipomwambia mama hakujibu. Alikuja polepole, akapitisha kidole kwenye mistari, mmoja baada ya mwingine, akakwepa jicho. Nimeuhamishia chumbani kwangu. Mlango siufungi.

BrashiKavu: Asante kwa kurudi kutuambia. Nimeisoma mara mbili.