Mrejesho: taa ya injini na kodi (namba ya hitilafu ya gari) P0442

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kodi P0442, yaani mvuke wa petroli unavuja kidogo, inarudi hata baada ya kununua kifuniko kipya cha tangi. Mlioniambia nikapime kwa moshi, asanteni sana, mmeniokolea hela.

Fundi aliziba tundu la hewa la kopo la mkaa, lile linalonasa mvuke wa petroli, akaingiza moshi kwa presha ndogo mno, tukamulika tochi uvunguni. Uzi mwembamba wa moshi ukachomoza juu ya tangi: mpira umepasuka pale unapobanwa na klempu, ufa ambao hata ukucha hauingii!

Mpira umebadilishwa, kodi imefutwa. Nimeweka mafuta nusu tangi, maana tangi likijaa au mafuta yakikaribia kuisha gari haijipimi yenyewe kama mvuke unavuja. Leo asubuhi kipimo kimekamilika, taa haijawaka.