Kujifunza Kiindonesia kwa wimbo wa "Burung Kakatua": nianzie wapi?

Msaka_Lugha

Wakuu, salaam. Nimeanza Kiindonesia, na nimeshauriwa niingilie kwenye ule wimbo wa watoto wa ndege kakatua, unaohesabiwa kuwa wimbo wa jadi wa Maluku, visiwa vya Indonesia. Maneno yake ni haya:

Burung kakatua
hinggap di jendela
nenek sudah tua
giginya tinggal dua

Kisha kinakuja kibwagizo cha "trek dung, trek dung, tra la la", halafu ndege anatajwa tena.

Naomba kueleweshwa mambo matatu. Kwanza, hiyo "tua" ndiyo kutua kwa ndege? Mbona imewekwa kwa bibi? Pili, ndege na meno ya bibi vinahusianaje? Tatu, na hili ndilo kubwa: nautumiaje wimbo hatua kwa hatua ili nitoke na lugha, nisiishie kukariri tu?

---

Mizani_na_Vina

Ndugu, hiyo "tua" iondoe kichwani mapema. Kwetu ndege hutua. Kwao tua ni -zee. Kutua kwa ndege humu ni hinggap. Dua nayo si ya kuomba, ni mbili; ile ya kuomba wao huiandika doa. Kwa hiyo: ndege kakatua / ametua dirishani / bibi ameshazeeka / meno yake yamebaki mawili.

Ndege na bibi hawana kisa cha pamoja, usikitafute. Wimbo umejengwa kwa mtindo wa pantun, ushairi wa jadi wa Kimalei. Mistari miwili ya mwanzo huitwa sampiran, kazi yake ni kutandika kina na mdundo. Miwili ya mwisho huitwa isi, ndiyo yenye ujumbe. Pantun kamili huwa na mistari mirefu zaidi, aghalabu mizani 8 hadi 12, na vina hupishana. Huu ni mfupi na vina vyote ni -a, ila mgawanyo ni uleule.

Sasa matamshi, maana hapo ndipo wimbo huu unapomfaa mzungumzaji wa Kiswahili kuliko kitabu. Hesabu mizani:

bu-rung-ka-ka-tu-a: 6
hing-gap-di-jen-de-la: 6
ne-nek-su-dah-tu-a: 6
gi-gi-nya-ting-gal-du-a: 7

Ulimi wetu umezoea silabi inayoishia kwa irabu, kwa hiyo neno likiishia kwa konsonanti tunalitilia irabu bila kujijua: "burungu", "hinggapu", "neneki", "sudahi", "tinggali". Ukifanya hivyo mstari wa kwanza unakuwa na mizani 7, wa pili 7, wa tatu 8 na wa nne 8. Tuni haitakukubalia, utajikuta unaharakisha ili ukimbizane na mdundo. Ukiona unabanwa mahali fulani, rudi kwenye neno la hapo: kuna irabu umeiongeza.

Dawa ni hii. Soma kwanza mistari bila tuni, ukigonga meza mara moja kwa kila silabi. Kwenye hinggap funga midomo kwa p na uiache imefungwa mpaka di ianze. P hiyo haipasuki. Kwenye nenek, k ya mwisho haisikiki kama k yetu, ni pumzi inayokatwa kooni. Aliyesoma Kurani ataitambua: ni kama hamza yenye sukuni. Sudah inaishia kwa h ya kweli, pumzi laini inayosikika. Usiimeze ukabaki na "suda".

Na hili liandike kwenye jalada la daftari: ng yao ni ng' yetu ya ng'ombe, na ngg yao ni ng yetu ya ngoma. Kwa hiyo burung inaishia kwa ng', lakini katikati ya hinggap na tinggal mna ng ya ngoma. Wengi wanaiona ngg wanaogopa, kumbe ndiyo iliyo rahisi kwetu. Ngumu ni ile ng ya mwisho wa neno, kwa sababu hatuna neno la Kiswahili linaloishia hivyo.

Ukitaka kupunguza kasi ya rekodi kwenye simu, ishia asilimia 75 hivi. Ukishuka zaidi irabu huvutwa mno, na zile konsonanti za mwisho unazozitafuta huwa ngumu kuzisikia.

---

Fundi_Sarufi

Nakubaliana na mkuu hapo juu, niongeze upande wa sarufi. Wimbo mzima una maneno 11 na kiambishi -nya, ukiacha kibwagizo ambacho ni mlio tu (usiufungulie kamusi, hata tahajia yake hubadilika toka mwandishi hadi mwandishi). Katika hayo yote, manne yanastahili muda wako kuliko mengine yote: di, sudah, -nya na tinggal.

Di. Sisi tuna -ni moja inayofanya kazi tatu: niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani. Wao wamezigawa: di rumah, ke rumah, dari rumah. Kosa letu la kawaida ni kuibeba di kila mahali kwa sababu wimbo umetupa di peke yake. Ujifunze mstari wa pili kwa sura tatu siku hiyohiyo: burung hinggap di jendela (ametua dirishani), burung terbang ke jendela (anaruka kwenda dirishani), burung terbang dari jendela (anaruka kutoka dirishani). Katika kuandika, di ya mahali hukaa peke yake, di jendela, wakati di- ya kutendwa huungana na kitenzi: dimakan, "imeliwa". Hata Waindonesia wenyewe huchanganya hapo, kwa hiyo usishangae kuona "dijendela" mtandaoni, ila usiige.

Sudah. Hapa Kiswahili kinakubeba. Sudah makan? ni "umeshakula?" na jibu ni belum, yaani "bado". Usijibu tidak (hapana) kwa jambo ambalo bado linaweza kutokea. Ila kuna mtego, na ndio unaotunasa sisi zaidi kuliko wengine: "bado" yetu ina nyuso mbili, na wao wana neno kwa kila uso. Bado hajalala ni belum tidur. Bado amelala ni masih tidur. Ukitafsiri "bado" kwa belum kila mara, utasema kinyume cha unachokusudia. Cheza na mstari wa tatu: nenek sudah tua, nenek belum tua, nenek masih muda (bibi bado kijana).

-nya. Pumzika, hakuna ngeli. Wake, yake, lake, chake, vyake, zake, zote ni -nya: giginya, jendelanya, burungnya. Angalia tu muundo: bibi anatajwa kwanza, kisha jambo linalomhusu linasemwa kwa -nya, sawa na sisi tunavyosema "bibi, meno yake yamebaki mawili". Mkazo nao husogea kama wetu, silabi ya pili kutoka mwisho: GI-gi, lakini gi-GI-nya. Mbele ya mtu mzima mwenyewe usitumie kamu (wewe). Mtaje kwa cheo chake cha kifamilia: Gigi Nenek tinggal berapa? (Meno ya Bibi yamebaki mangapi?) Ndivyo adabu inavyotaka.

Tinggal. Kuna tinggal ya kuishi mahali, Saya tinggal di Bandung, na tinggal ya kubaki, ambayo ndiyo ya wimbo. Hii ya pili utaitumia kila siku: waktunya tinggal lima menit (muda umebaki dakika tano), nasinya tinggal sedikit (wali umebaki kidogo).

Sasa onyo juu ya dua. Katika wimbo namba imekuja mwisho, na sisi kwetu namba hufuata nomino, kwa hiyo unajiaminisha kwamba "gigi dua" ni "meno mawili". Sivyo. Pale dua inamkamilisha tinggal: "yamebaki mawili". Ukihesabu vitu, namba hutangulia: dua gigi. Wanyama huhesabiwa kwa ekor, watu kwa orang, vitu vingi kwa buah: dua ekor burung, dua orang nenek, dua buah jendela. Kimoja hupata se-: seekor burung, seorang nenek, sebuah jendela. Na ukishataja namba usirudufu nomino. Namba inatosha kuonyesha wingi.

Namna ya kufanyia kazi: badilisha pengo moja kwa wakati mmoja, huku mizani na kina vikibaki. Mahali pa jendela weka kepala (kichwa), beranda (baraza), menara (mnara), bendera (ndiyo bendera yetu hiyohiyo). Zote silabi tatu, zote zinaishia -a. Kisha badilisha jozi ya mwisho: kakek sudah tua, rambutnya tinggal lima (babu ameshazeeka, nywele zake zimebaki tano), ayam sudah tua, bulunya tinggal tiga (kuku ameshazeeka, manyoya yake yamebaki matatu). Kwa namba zinazoingia kwenye kina una dua, tiga na lima. Satu na empat zitavunja kina, ziache kwa mazungumzo.

Halafu, na hatua hii ndiyo inayorukwa, toa tuni kabisa na uulize swali kwa kila mstari:

Burungnya hinggap di mana? Di jendela.
Nenek masih muda? Tidak, sudah tua.
Giginya tinggal berapa? Tinggal dua.

Usipofanya hivi maneno yanaganda ndani ya wimbo. Mtu akikuuliza tinggal berapa? dukani, itabidi uimbe toka mwanzo mpaka ufike kwenye neno.

---

Kurasa_Njano

Nigusie herufi e tu, kwa kuwa bendera na jendela zimetajwa. Kiindonesia kina e mbili kuu zinazoandikwa kwa herufi ileile. Moja wanaiita e taling, iko karibu na yetu: nenek, zote mbili. Nyingine ni e pepet: ulimi unalala katikati ya kinywa, midomo imelegea, sauti fupi mno. Jendela ina zote mbili kwa mpangilio huo, pepet kwanza kisha taling. Bendera vilevile, kwa hiyo ukiisoma kama Kiswahili utaeleweka lakini utasikika mgeni papo hapo. Kepala, menara na beranda zinaanza na pepet pia. Maandishi ya kawaida hayakuonyeshi ipi ni ipi. Fungua KBBI ya mtandaoni (kamusi kuu ya Kiindonesia), pale e yenye alama juu yake ni taling, isiyo na alama ni pepet.

Na ukikutana na kitabu cha zamani kilichoandika "djendela" na "giginja", si makosa. Tahajia ilibadilishwa mwaka 1972: dj ikawa j, nj ikawa ny, tj ikawa c, na j ya zamani ikawa y. Ile oe ya "boeroeng" ilishaondolewa tangu 1947. Jina la ndege nalo utaliona kakatua na kakaktua; ni ndege yuleyule.

---

Lulu_ya_Pwani

Mimi ningemshauri asikae na wimbo mmoja muda mrefu. Hinggap, tinggal: vyote ni vitenzi vitupu, havina kiambishi mbele. Kiindonesia cha kusoma na kuongea kimejaa me- na ber-, na humu hamna hata kimoja. Akizoea kwamba kitenzi hukaa uchi, atashangaa akikutana na membaca (kusoma), menulis (kuandika), bermain (kucheza). Pia hinggap yenyewe ni ya ndege na wadudu, lalat hinggap di nasi (nzi ametua kwenye wali). Eropleni hupewa mendarat. Na sudah mtaani utaisikia udah, tidak utaisikia nggak. Ajifunze sura ya wimbo kwanza, hizo fupi azitambue kwa sikio tu.

---

Fundi_Sarufi

Kweli kabisa, dada. Ndiyo maana nasema wimbo huu ni wa wiki ya kwanza. Akimaliza yale maswali matatu bila kusita, aende kwenye ber-, kwa sababu haibadilishi neno inaloshika isipokuwa machache. Me- aiache kidogo, ile hula herufi ya kwanza ya baadhi ya maneno: tulis inakuwa menulis, pakai inakuwa memakai.

---

Msaka_Lugha

Asanteni sana. Nimejaribu kuunda zangu, naomba mnisahihishie:

1. Kakek sudah tua, rambutnya tinggal lima.
2. Dua burung-burung hinggap di bendera.
3. Kupu-kupu terbang di bunga. (nakusudia: kipepeo anaruka kwenda kwenye ua)
4. Nenek belum tidur. (nakusudia: bibi bado amelala)

---

Fundi_Sarufi

1 iko sawa kwa wimbo. Katika maongezi nywele huhesabiwa kwa helai: tinggal lima helai.

2: Dua ekor burung hinggap di bendera. Umeshasema mbili, usirudufu tena, na mnyama anadai ekor. Kama unamaanisha mlingoti, sema di tiang bendera.

3: terbang ke bunga, kwa sababu kuna kwenda. Ukitaka anayerukaruka juu ya ua bila kutua, terbang di atas bunga. Na hapo kupu-kupu umeiandika vizuri: kurudufu kwake si wingi, ndivyo jina lilivyo. Hata akiwa mmoja ni seekor kupu-kupu, na wawili ni dua ekor kupu-kupu.

4 umesema "bibi hajalala bado". Unalotaka ni Nenek masih tidur.